Grace Hopper: Aliyeifunza kompyuta kulisoma daftari lake

MALI bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo kila mwenye duka huikumbuka anapofunga hesabu zake jioni, inawafaa pia watu wa kazi isiyohusu shilingi wala mizani, nao ni watunzi wa programu za kompyuta.

Kila mtunzi wa programu mwenye tajriba ana hazina yake. Ni mkusanyiko wa vipande vifupi vya maagizo ambavyo aliwahi kuvitumia vikafaulu, pamoja na maelezo ya jinsi alivyolitatua tatizo fulani lililomkosesha usingizi. Anapopewa kazi mpya, haanzi kuumba kila kitu upya. Hulifungua daftari lake, akachagua kinachofaa, akakipachika mahali pake.

Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ilikuwako hata zama ambazo kompyuta za dunia nzima zingeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Miongoni mwa waliokuwa na madaftari ya kwanza kabisa ni mwalimu mmoja wa hisabati, mwanamke mwembamba, mvuta sigara na mwenye ulimi mwepesi, ambaye hakuridhika kulitunza daftari tu. Alitaka mashine yenyewe ilisome na kuifanya kazi ya kunakili iliyowachosha na kuwakosesha binadamu.

Huyo ni Grace Murray Hopper, Mmarekani aliyefariki mnamo 1992 akiwa na cheo cha admirali katika jeshi la wanamaji la nchi yake. Sifa zake zimetangazwa kote duniani. Hata hivyo, lililo muhimu zaidi katika maisha yake ni jinsi wazo lililoanzia kwenye kurasa za daftari lilivyokataliwa na wakuu wake, kisha likaibadilisha dunia.

Saa saba mezani

Grace alizaliwa Desemba 9, 1906, jijini New York, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Walter Murray, alikuwa mfanyabiashara wa bima. Mamake, Mary, alikuwa na mapenzi makubwa kwa hisabati katika enzi ambapo somo hilo halikudhaniwa kuwa la wanawake.

Bw Murray aliugua na hatimaye akakatwa miguu. Masaibu hayo yalimfanya ashikilie kwamba mabinti zake wawili sharti wapate elimu sawa na kaka yao, ili wasije wakamtegemea mtu iwapo mambo yangeharibika. Msimamo huo haukuwa wa kawaida siku hizo.

Udadisi wa Grace ulijitokeza mapema. Akiwa na umri wa miaka saba, aliichukua saa moja ya kengele nyumbani kwao, akaifungua ili aone kinachoizungusha mishale yake. Aliposhindwa kuirudishia vipuri vyake alifungua ya pili, kisha ya tatu. Kufikia wakati mamake alipogundua, saa saba zilikuwa zimetapakaa vipande vipande. Mamake hakumchapa. Alimruhusu aendelee na uchunguzi wake, mradi tu atumie saa moja.

Si kwamba kila mlango ulifunguka mara moja. Alipoomba kujiunga na Chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16, alikataliwa kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa duni. Alirudi mwaka uliofuata akakubaliwa. Mnamo 1928 alifuzu katika hisabati na fizikia, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale alikopata shahada ya uzamili mnamo 1930 na ya uzamifu katika hisabati mnamo 1934.

Mwaka huo wa 1930 alifunga ndoa na Vincent Foster Hopper, msomi wa fasihi. Ndoa hiyo ilivunjika mnamo 1945 na hawakujaliwa mtoto. Grace aliendelea kulitumia jina la Hopper hadi mwisho wa uhai wake.

Kuanzia 1931 alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo kile kile cha Vassar. Yamkini angestaafu akiwa mwalimu mpendwa wa wasichana laiti si vita.

Vita vyamtoa darasani

Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Bi Hopper, ambaye babu wa mzazi wake mmoja alikuwa admirali, alitaka kujiunga na wanamaji. Alielezwa kwamba amepita umri. Isitoshe, alikuwa mwembamba mno, kwani alipungukiwa na takriban kilo saba ili kufikia uzani uliohitajika. Tatu, serikali iliona kwamba mwalimu wa hisabati angefaa zaidi akibaki darasani.

Hakukata tamaa. Aliomba kibali maalum, akaomba likizo chuoni, na mnamo Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Katika mafunzo ya maafisa aliibuka wa kwanza darasani mwake, akahitimu mnamo Juni 1944 akiwa na cheo cha luteni.

Alidhani atapelekwa kwenye kitengo cha kuvunja mawasiliano ya siri ya adui. Badala yake alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika chumba cha chini cha jengo moja, ambako alikutana na dude ambalo hakuwahi kuliona mfano wake.

Mashine hiyo iliitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha karibu mita mbili na nusu na uzani wa takriban tani tano. Ilikuwa na vipuri zaidi ya 700,000 na ilizungushwa na mhimili mmoja mrefu, huku swichi zake zikigongana kwa kelele mchana na usiku. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Kwa simu ya mkononi ya leo hilo ni jambo la kuchekesha, lakini mnamo 1944 ilikuwa ajabu.

Aliyeibuni mashine hiyo, Prof Howard Aiken, ambaye pia alikuwa afisa wa wanamaji, hakumpa mgeni wake muda wa kuzoea. Alimwonyesha mashine, akampa tatizo la hesabu na kumtaka alikamilishe kwa siku chache tu. Wasaidizi wawili vijana, Richard Bloch na Robert Campbell, ndio waliomshika mkono.

Daftari linazaliwa

Mark I haikuwa na kibodi wala skrini. Iliongozwa na ukanda mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu, kila safu ya matundu ikiwa agizo moja. Iwapo kazi ilihitaji kurudiwarudiwa, ncha mbili za ukanda ziligundishwa kwa gundi ili uzunguke bila kukoma.

Kutoboa ukanda mmoja kulihitaji subira. Tundu moja likikosewa, majibu yote yaliharibika, na katika siku zile za vita majibu hayo yalikuwa majedwali ya kulengea mizinga au hesabu za silaha. Katika majira ya joto ya 1944, mwanahisabati mashuhuri John von Neumann alifika hapo na hesabu za mlipuko ambazo baadaye zilibainika kuwa za bomu la atomiki.

Haikuchukua muda kabla ya Bi Hopper na wenzake kugundua kwamba kazi nyingi, hata zikitofautiana kwa madhumuni, zilikuwa na sehemu zinazofanana. Kazi tatu tofauti zingeweza kuhitaji namna moja ya kutafuta kipeo cha pili cha nambari, au thamani fulani za trigonometria. Kwa nini mtu ajitese kutunga upya kile alichokitunga juzi?

Ndipo yakaja madaftari. Kipande cha maagizo kilipothibitishwa kuwa hakina hitilafu, kilinakiliwa daftarini pamoja na maelezo ya matumizi yake. Bw Bloch alikuwa na lake, Bi Hopper akawa na lake. Mmoja alipokihitaji kipande ambacho mwenzake alikuwa nacho, alikwenda kwenye meza yake akaazima, akanakili kwa mkono.

Huo ulikuwa ushirika wa aina yake. Hakuna aliyemlipisha mwenzake, na hakuna aliyejificha. Kila kipande kilichoingia daftarini kiliwapunguzia wote saa za kazi, na haba na haba ikajaza kibaba.

Mazoea ya kuandika kila jambo yalikuwa sheria katika maabara hiyo. Mnamo Septemba 9, 1947, wafanyakazi waliokuwa wakihangaika na mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta nondo amekwama kwenye mojawapo ya swichi zake. Walimtoa, wakamgundisha kwenye kitabu cha kumbukumbu za siku na kuandika kando yake kwamba hatimaye mdudu halisi amepatikana.

Wahandisi walikuwa wakiiita hitilafu mdudu tangu karne ya 19, kwa hivyo maandishi hayo yalikuwa mzaha. Si Bi Hopper aliyemtoa nondo huyo, bali alikisimulia kisa hicho mara nyingi mno hata watu wakadhani ni chake. Kitabu hicho, pamoja na nondo wake, kimehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian nchini Marekani.

Bi Hopper mwenyewe ndiye aliyepewa jukumu la kuandika mwongozo wa Mark I, kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kilichochapishwa mnamo 1946. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya kila sehemu ya mashine na mifano ya maagizo. Kwa maneno mengine, lile daftari la mezani lilikuwa limeanza kuwa kitabu ambacho mtu asiyewahi kufika Harvard angeweza kukisoma akaelewa.

Giza kabla ya mapambazuko

Vita vilipokwisha, jeshi lilimkatalia ombi la kuajiriwa moja kwa moja kwa sababu ya umri wake, ingawa lilimbakisha katika kikosi cha akiba. Chuo cha Vassar kilimwita arudi kama profesa kamili. Alikataa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshanaswa na mashine.

Hata hivyo, Harvard nako hakukuwa na kudumu. Mkataba wake wa utafiti ulikuwa wa muda, na chuo hicho hakikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke wa hadhi yake. Mnamo 1949 muda huo uliisha.

Ilikuwa miaka migumu. Ndoa ilikuwa imevunjika, kazi ilikuwa imekwisha, na miaka ya kufanya kazi usiku na mchana ilikuwa imemletea tabia ya kunywa kupindukia. Mwishoni mwa mwaka huo alitiwa mbaroni kwa ulevi jijini Philadelphia, na marafiki zake wa karibu wakahofia maisha yake. Waandishi wa historia yake hawakulificha jambo hili, na hakuna sababu ya kulificha, kwani linaonyesha aliinukia wapi.

Philadelphia ndiko alikokuwa amepata kazi mpya. John Mauchly na Presper Eckert, wabunifu wa kompyuta ya ENIAC, walikuwa wameanzisha kampuni yao na walikuwa wakiunda UNIVAC, kompyuta iliyokusudiwa kuuzwa kwa serikali na wafanyabiashara. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand mnamo 1950, na mwaka uliofuata UNIVAC ya kwanza ikakabidhiwa idara ya sensa.

Mashine kununuliwa ni jambo moja na kupata watu wa kuitungia programu ni jambo jingine. Wataalamu walikuwa wachache mno, na kila mteja mpya aliwahitaji.

Bi Hopper alipowachunguza watu wake wakifanya kazi, aliona kwamba daftari lile lile la Harvard lilikuwa limewafuata hadi Philadelphia, na kasoro zake zilikuwa zimezidi. Kipande cha maagizo kilichotungwa ili kikae mwanzoni mwa kumbukumbu ya mashine kilipohamishiwa mahali pengine katika programu mpya, kila anwani iliyotajwa ndani yake ilibidi ibadilishwe kwa kujumlishiwa nambari fulani. Kisha kipande chote kilinakiliwa kwa mkono.

Hapo ndipo balaa lilipojificha. Wasomi hao wenye shahada za hisabati walikuwa wakikosea kujumlisha, na walikuwa wakikosea kunakili. Herufi B iligeuka kuwa 13. Nambari 4 iligeuka kuwa alama ya pembetatu iliyomaanisha nafasi tupu. Kipande kilichokuwa sahihi daftarini kilifika kwenye mashine kikiwa kimeharibika.

Hitimisho lake lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza kwamba hakuna mwingine pale aliyelifikia. Kujumlisha na kunakili ndizo kazi hasa ambazo kompyuta iliundwa kuzifanya bila kukosea. Basi kwa nini kompyuta isipewe daftari?

Daftari laingia ndani ya mashine

Kazi ilianza mwishoni mwa 1951. Vipande vilivyothibitishwa vilihifadhiwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja kikipewa alama yake ya kukiitia. Mtunzi wa programu aliandika tu orodha ya alama hizo kwa utaratibu alioutaka, pamoja na thamani za kutumiwa. Mashine iliitafuta kila alama kwenye utepe, ikakichukua kipande husika, ikazirekebisha anwani zake na kukiunga na vingine hadi programu nzima ikakamilika.

Kulikuwa na kizingiti kimoja. Mara nyingi agizo la mwanzoni huitaka mashine iruke hadi kwenye kipande ambacho bado hakijapangwa, hivyo mahali pake hapajulikani. Bi Hopper alilitatua kwa kukumbuka mpira wa vikapu aliocheza chuoni. Mchezaji asiyeweza kusonga hurusha mpira kwa mwenzake aliyesimama mahali panapojulikana, naye mwenzake huungoja wakati ufaao kabla ya kuupeleka mbele. Alitenga kona ndogo katika kumbukumbu ya mashine, maagizo yakaruka hadi hapo kwanza, na mahali halisi palipojulikana yakaelekezwa kutoka hapo.

Mpango huo uliitwa A-0, naye akauita kompaila, yaani mkusanyaji, kwa sababu ulikusanya vipande kutoka maktaba. Mnamo Mei 1952 aliueleza mbele ya wanataaluma jijini Pittsburgh katika makala aliyoipa jina la elimu ya kompyuta.

Haki itendeke kwa wengine pia. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walikuwa tayari wamejenga maktaba ya vipande vya maagizo kwa kompyuta ya EDSAC, na mnamo 1951 walitoa kitabu kuihusu. Betty Holberton, aliyefanya kazi pamoja na Bi Hopper, alikuwa ametunga programu iliyoweza kutunga programu nyingine za kupanga rekodi. Aidha, A-0 haikuwa na uwezo wa kompaila za leo, kwani iliunganisha vipande zaidi ya ilivyotafsiri lugha. Hata hivyo, ilikuwa hatua ambayo wengi waliamini haiwezekani.

Na hapo ndipo alipokutana na ukuta. Bi Hopper alieleza baadaye kwamba alikuwa na kompaila inayofanya kazi lakini hakuna aliyekubali kuigusa. Wakubwa walimwambia kwamba kompyuta hujua hesabu tu na haiwezi kutunga programu. Baadhi ya watunzi wa programu nao walijiona kama makuhani wanaosimama kati ya mashine na watu wa kawaida. Daftari la siri lilikuwa limewapa heshima na mshahara, na yeye alitaka kulifungua kila mtu alione.

Aliendelea bila kujali. Toleo lililofuata la A-2 lilipotolewa kwa wateja mnamo 1953, walialikwa kulirekebisha na kurudisha maboresho yao Philadelphia ili wengine wanufaike. Uazimanaji wa mezani kule Harvard sasa ulikuwa ukifanyika kati ya kampuni na idara za serikali, miongo kadhaa kabla ya watu kuanza kuzungumzia programu huria.

Lugha ya watu

Mwaka wa 1954 alipewa idara yake mwenyewe ya kushughulikia utungaji wa programu kwa njia ya mashine. Kufikia hapo alikuwa ameona kwamba kuna watu wa aina mbili. Wanasayansi walifurahia alama za hisabati, lakini makarani na wahasibu, ambao ndio wangekuwa wateja wengi, walitaka maneno.

Alipendekeza programu ziandikwe kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida. Alikataliwa tena. Ili kuwathibitishia wakuu wake kwamba kwa mashine neno ni alama tu, aliwaonyesha programu ile ile ikiwa imeandikwa kwa maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani. Badala ya kushawishika waliingiwa na wasiwasi. Kwa fikira zao, kompyuta iliyoundwa Marekani haingewezaje kushangaza kuelewa Kifaransa? Ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza.

Lugha hiyo, iliyokuja kuitwa FLOW-MATIC, ilianza kutumiwa na wateja katika nusu ya pili ya miaka ya hamsini, kipindi ambacho John Backus na wenzake wa IBM walikuwa wakiitoa FORTRAN kwa ajili ya wanasayansi, mnamo 1957.

Tatizo jipya likazuka. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na programu iliyotungwa kwa mashine moja ilikuwa takataka kwa nyingine. Mnamo Mei 1959, kufuatia juhudi zilizoanzishwa na Mary Hawes, wawakilishi wa watengenezaji, watumiaji na serikali walikutana katika Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Kutokana na mkutano huo ilizaliwa COBOL, lugha ya pamoja ya shughuli za biashara.

Bi Hopper amekuwa akiitwa mama wa COBOL. Ukweli ni kwamba iliandikwa na kamati yenye wataalamu kadhaa, akiwemo Jean Sammet, naye Bi Hopper alikuwa mshauri. Lakini FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi wake mkuu. Mnamo Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, na hapo ikathibitika kwamba kipande kimoja cha maagizo kinaweza kuvuka kutoka mashine hadi mashine.

Admirali mwenye vipande vya waya

Mwishoni mwa 1966 wanamaji walimstaafisha kwa sababu ya umri. Miezi saba baadaye, mnamo Agosti 1967, walimwita arudi kwa miezi sita ili awasaidie kusawazisha matumizi ya COBOL, kwani kila ofisi ilikuwa na namna yake. Miezi hiyo sita iligeuka kuwa karibu miaka 19.

Ofisini mwake kulikuwa na saa iliyokwenda kinyume, ukumbusho kwa wageni kwamba jambo halipaswi kufanywa kwa njia fulani kwa sababu tu limekuwa likifanywa hivyo. Mtazamo wa kung'ang'ania mazoea aliuona kuwa hatari kuliko adui yeyote.

Alizunguka nchi nzima akihutubia vijana. Alizoea kubeba vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30, akiwagawia wasikilizaji. Huo ndio umbali mrefu zaidi ambao umeme unaweza kusafiri kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha alionyesha rundo la waya la mita 300 hivi, ambalo ni mikrosekunde moja, ili kila mtunzi wa programu ajue anachotupa anapopoteza muda wa mashine.

Alipandishwa cheo kuwa kapteni mnamo 1973, komodoo mnamo 1983, na mnamo 1985 akawa admirali. Agosti 14, 1986, alistaafu katika sherehe iliyofanyika bandarini Boston ndani ya USS Constitution, meli kongwe ya kivita. Alikuwa na umri wa miaka 79, afisa mkongwe kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Hata hapo hakutulia, bali alijiunga na kampuni ya Digital Equipment kama mshauri.

Mnamo 1991 alitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki usingizini Januari 1, 1992, nyumbani kwake Arlington, Virginia, akiwa na umri wa miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Tangu hapo meli ya kivita imepewa jina lake, na mnamo 2017 Chuo Kikuu cha Yale kiliipa mojawapo ya vyuo vyake vya ndani jina la Hopper, kikiliondoa la mwanasiasa aliyetetea utumwa. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2016, Rais Barack Obama, ambaye babake mzazi alikuwa Mkenya wa Kogelo, Siaya, alimtunukia baada ya kifo nishani ya uhuru, iliyo ya hadhi ya juu kabisa kwa raia wa Marekani.

COBOL nayo haijafa. Benki na idara za serikali katika mataifa mengi bado huitegemea, na mnamo Aprili 2020, janga la corona lilipowasukuma maelfu kuomba msaada wa serikali, gavana wa jimbo la New Jersey alilazimika kutafuta hadharani wanaoifahamu. Wengi wa waliotunga programu hizo walikuwa wamestaafu, na ujuzi wao ulikuwa umeondoka pamoja nao.

Hilo halingemshangaza Bi Hopper. Aliishi akiamini kwamba ujuzi unaobaki kichwani mwa mtu mmoja, au katika daftari lililofungiwa kabatini, ni mali inayosubiri kupotea. Leo kijana anapoagiza kompyuta ikusanye vipande vilivyotungwa na watu asiowafahamu, na ikavipachika katika programu yake kwa sekunde chache, anafanya kile ambacho yeye na Bw Bloch walikifanya kwa penseli na karatasi. Tofauti ni kwamba kunakili kumeachiwa mashine, na daftari liko wazi kwa wote.